Spika za muundo wa zamani: je, zinastahili bei yake?

Ndugu yangu, nimekuelewa: una sebule nyembamba hapo Kibokoni, unapenda taarabu, na unajiuliza kama spika za muundo wa zamani zinastahili bei inayozidi mara kadhaa ile ya spika za kisasa.

Kwa chumba hicho, naona hazistahili. Spika iitwayo Klipschorn, iliyobuniwa na Paul Klipsch huko Marekani mwaka 1946 na ambayo ingali inatengenezwa, ilipewa umbo la tarumbeta, linalotoa sauti kubwa kwa wati chache, kwa kuwa amplifaya (vyombo vya kukuza sauti) za wakati ule zilitoa wati chache mno. Tena huhitaji kuwekwa kwenye kona za chumba ili besi yake itoke ipasavyo. Siku hizi wati si ghali, kwa hivyo sehemu kubwa ya fedha zako italipia mbao, kazi ya mikono na jina. Sikatai kwamba sauti yake ina uhai wa pekee. Spika ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970, ingekutosha kwa udogo wake, ingawa besi yake ni haba.

Ukishawishika kununua kuukuu, kagua kwanza sponji inayozunguka koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, kwani unyevu wetu wa pwani huiozesha. Mimi niliwahi kulipa bila kuigusa, ikanivunjikia mkononi nilipofika nyumbani. Mlipe fundi azipime spika hizo kabla ya kumpa muuzaji fedha, na amplifaya ya valvu, ile ya zamani yenye mirija ya kioo, usiifungue mwenyewe, kwa sababu huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.