Nyinyi mnaotuma puli rikwesti ya kwanza, hebu kaeni hapa kidogo

Wiki hii nimeona vijana watatu wetu wakituma puli rikwesti zao za kwanza (ombi la kuingiza mabadiliko yako ya kodi kwenye mradi wa wengine) na zote zimekataliwa, moja ilikuwa inarekebisha herufi moja tu kwenye README (faili ya maelezo ya mradi) na imegusa faili 61. Nilicheka. Halafu nikakumbuka yangu nikanyamaza.

1. Someni CONTRIBUTING (faili ya masharti ya kuchangia mradi) yote kabla ya kugusa kitu. Wenye mradi wakitaka kila komiti (badiliko ulilohifadhi kwa git) iwe na mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, ni `git commit -s`, sekunde mbili.

2. Puli rikwesti moja, shida moja. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na chumba kimoja Kahawa West na laptop ya mtumba isiyojua betri ni nini, stima ikipotea na kazi imeenda. Nikapata isyu (shida iliyoripotiwa kwenye mradi) tamu: ukichagua tarehe kwenye kalenda, inahifadhiwa siku ya nyuma. Wazungu wa mradi hawakuelewa, lakini sisi Nairobi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, saa sita usiku yetu kwao bado ni saa tatu usiku wa jana, na toISOString, amri ya JavaScript inayoandika tarehe kwa UTC, inaandika hiyo jana bila aibu. Dawa yake laini moja! Nikaandika, nikasevu, `git add .` (hiyo nukta inabeba kila faili iliyobadilika), nikatuma, nikatangaza kwa grupu ya WhatsApp ya darasa, nikajinunulia na mandazi.

Sasa edita yangu ilikuwa inapanga upya kila faili nikisevu, na mimi nilikuwa nimefungua na kusevu karibu nusu ya mradi nikitafuta shida. Tabu zikawa nafasi, alama za kunukuu zikabadilika zote. Laini elfu tatu na kitu. Mtunzaji, yaani anayesimamia mradi, akauliza kwa upole, umerekebisha laini gani? Mimi mwenyewe nikaitafuta dakika ishirini, jasho linanitoka, siioni. Badala ya kukubali nikafunga nikafungua nyingine, ikaja na uchafu uleule, nikafungua ya tatu, na nilipokuwa bado napigana na rebase (kupanga upya komiti zangu) mtu mwingine akatuma laini moja na testi yake (kodi ya kuhakikisha inafanya kazi), ikaingia jioni hiyohiyo. Grupu wakauliza, si ulisema ni yako?

3. `git diff --staged` kabla ya kila komiti, uone unachotuma, na `git add -p`, inayokuuliza kipande kwa kipande, badala ya ile nukta.

4. Msimtagi mtunzaji kila baada ya masaa mawili bana, wengi hawalipwi hata senti na usiku wanalala. Oktoba 2020 watu walimwaga takataka za README kwenye Hacktoberfest, tamasha la kila Oktoba la kuchangia miradi huria, kwa sababu ya tisheti ya zawadi, mpaka waandaaji wakabadilisha sheria mwezi ukiwa ndio umeanza.

5. Testi ziendeshe kwako kwanza.

Na wewe wa faili 61, unajijua, nipitie kesho saa nne tuitoe hiyo herufi yako pamoja. Kuja na chaja, yangu imekatika waya.