Huna Ngoma? Gonga Chuma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Kaka, bendi yetu imekufa kabla ya kuzaliwa. Hatuna hela ya ngoma." Usiku ule sikulala vizuri, maana mwaka 2014 maneno hayohayo niliyasema mimi.

Tulikuwa wanne, Temeke. Prodyuza mmoja alisikiliza kazi yetu, akaizima katikati, akatuambia turudi tukiwa na vyombo vya maana. Wenzangu wawili wakaacha siku ileile. Hadi leo nikikumbuka, koo linakaza.

Walioniinua ni bendi ya Kijerumani iitwayo Einstürzende Neubauten, yaani "majengo mapya yanayoporomoka". Walianza Berlin Magharibi tarehe 1 Aprili 1980, mifuko mitupu. Mpiga ngoma wao, N.U. Unruh, hakuwa na ngoma za kawaida, akageukia vyuma chakavu. Juni mwaka huohuo yeye na mwimbaji Blixa Bargeld walijipenyeza ndani ya daraja la barabara kuu, wakarekodi humohumo, wakigonga chuma cha daraja lenyewe. Albamu yao Kollaps ikatoka 1981: mabati, drili, na ukelele wa Bargeld unaokwaruza hadi kwenye meno. Giza tupu. Mara ya kwanza nilishindwa kuimaliza. Mara ya tatu nilivaa ndala nikaenda gereji ya jirani kuomba rimu mbovu.

Vijana wenzangu, ukosefu wa vyombo si udhuru! Martin Gore wa Depeche Mode, bendi maarufu ya Uingereza ya muziki wa kielektroniki, aliwaona Neubauten jukwaani, na mwaka 1983 milio ya vyuma ikasikika kwenye albamu ya bendi yake. Bendi yenye mashine za kila aina ilikwenda kujifunza kwa waokota vyuma. Tena mwaka 2002 Neubauten waliwafuata mashabiki moja kwa moja kupitia intaneti: mashabiki wakachangia pesa albamu ikiwa bado haijakamilika, wakawatazama wakiitengeneza studio. Hawakumsubiri bosi wa kampuni awape ruhusa.

Basi mdogo wangu, anza na kilichopo. Rekodi kwa simu. Usisubiri vyombo, usimsubiri prodyuza, usisubiri.

Na ukifika Dar nitafute. Nyuma ya nyumba nina rimu mbili za Fuso. Ile yenye ufa ndiyo yenye mlio mzito zaidi, nimekuwekea.