Bonasi ya kadi ya mkopo ya biashara: je, malipo ya vikapu kutoka Dodoma yanahesabiwa?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vikapu vya ukindu hapa Dodoma, na stoo yangu iko Chang'ombe. Mdogo wangu wa kiume anaishi Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, na ndiye anayeuza vikapu vyangu huko kwa biashara aliyoianzisha kwa jina lake mwenyewe. Ameona tangazo la kadi ya mkopo ya biashara ya benki ya Chase, iitwayo Ink Business Unlimited, kwamba akitumia dola 6,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo atapewa bonasi ya dola 750. Kwa kawaida hulipa kwa kadi dola 900 hivi kwa mwezi kwa ajili ya vifungashio, posta na matangazo ya mtandaoni, na mimi hunitumia dola 1,500 kila mwezi kwa njia ya benki. Anapendekeza anitumie fedha kwa kadi hiyo ili afikishe kiwango, na kama kutakuwa na ziada nimrudishie, au aniletee kadi ya pili niitumie huku. Je, jambo hili linafaa? Kuna kodi? Na mimi naweza kupata bonasi ya namna hiyo kwenye benki zetu?

JIBU: Dada yangu, katika mapendekezo ya mdogo wako kuna jambo moja halali linaloweza kuwafaa, na kuna mawili ambayo ningewashauri myaache mapema. Malipo ya vikapu halisi, ambavyo umemuuzia na vimesafirishwa, yanaweza kuhesabiwa katika zile dola 6,000 iwapo yatapita kwenye kadi kama ununuzi wa bidhaa. Kukutumia fedha tu hakuhesabiwi, na kurudishiana ziada kunaweza kumletea yeye matatizo na benki yake na wewe matatizo na TRA.

Ili uelewe kwa nini benki inatofautisha mambo ambayo kwetu yanaonekana ni yale yale, yaani fedha imetoka kwake ikafika kwako, ni vizuri kujua bonasi hiyo hulipwa kutoka wapi. Kila mwenye kadi anaponunua kitu, muuzaji hukatwa asilimia fulani ya bei, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Marekani iliweka ukomo wa makato ya kadi za akiba (debit), zile zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti, za benki kubwa kwa sheria ya mwaka 2010, lakini kadi za mkopo hazikuguswa. Ndiyo maana benki za huko zina uwezo wa kumpa mteja mpya mamia ya dola, zikitegemea kwamba ataendelea kuitumia kadi kwa miaka mingi na kwamba baadhi ya wateja watachelewa kulipa na kutozwa riba. Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2015 uliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, haufahamiki kwa bonasi nono za aina hiyo. Mtaani mtu atakuambia hiyo ni hela ya bure. Mimi kama mhasibu naiona kama punguzo la bei linalotolewa kwa masharti, na masharti ndiyo yanayoamua kama lina faida.

Sasa tutazame hesabu zenu. Matumizi ya kawaida ya mdogo wako kwa kadi ni dola 900 kwa mwezi, sawa na dola 2,700 kwa miezi mitatu, hivyo anapungukiwa dola 3,300. Malipo yako ya miezi hiyo mitatu ni dola 4,500. Ni rahisi kuona kwa nini wazo lilimjia.

Akitumia kadi ya mkopo kupitia huduma ya kutuma fedha, au akatoa fedha taslimu kwenye mashine, au akanunua hawala ya fedha (money order), benki kwa kawaida huhesabu muamala huo kuwa ni kukopa fedha taslimu, wala si ununuzi. Hapo mambo matatu hutokea kwa pamoja: anatozwa ada ya kukopa taslimu, riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo bila muda wa neema, na kiasi hicho hakiingii hata senti moja katika dola 6,000. Nimekwisha kuona watu wakilia kwa jambo hili hili, kwamba kiasi kimetimia kwenye taarifa ya kadi lakini bonasi haikuja. Walipofuatilia wakaambiwa kuwa nusu ya matumizi yao hayakuwa ununuzi. Riba, ada na kuhamisha deni kutoka kadi nyingine navyo havihesabiwi.

Njia inayokubalika ni wewe kupokea malipo ya kadi kama muuzaji, kwa ankara yenye idadi ya vikapu na bei, kupitia benki yako au kampuni ya malipo kama Pesapal au Selcom. Hapa ndipo panapohitaji utulivu, kwa sababu kadi uliyoitaja haina ada ya mwaka lakini hutoza asilimia 3 kwa miamala ya nje ya Marekani. Kwa dola 3,300 hiyo ni dola 99 kutoka kwake. Upande wako nako kuna makato ya kupokea kadi. Tuchukue kwa mfano tu kwamba ni asilimia 3.5, basi wewe utapungukiwa dola 115.50. Jumla ni dola 214.50, na bonasi ya dola 750 imebaki dola 535.50. Ongeza asilimia 1.5 ambayo kadi hiyo hurudisha kwa kila ununuzi, yaani dola 90 kwa dola 6,000, na bado kuna faida. Hata hivyo, tafadhali angalia nani amepata nini: bonasi yote inaingia kwake, ilhali dola 115.50 zimetoka kwenye mauzo yako wewe. Ndugu wengi hugombana si kwa kudhulumiana bali kwa kutokukaa chini mapema wakaandika nani atabeba makato. Muandikiane hata kwa ujumbe wa simu.

Kabla ya kufika huko, ningemshauri ajaribu kwanza kuziba pengo hilo kwa matumizi ya Marekani, kwa sababu kila dola anayoitumia huko haina ile asilimia 3. Aombe kadi karibu na msimu ambao atanunua vifungashio vingi na kulipia posta nyingi, na kwa biashara ya vikapu nadhani huo ni mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya Krismasi. Bima ya biashara inayolipwa kwa awamu anaweza kuilipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Kodi ya makadirio, ambayo wafanyabiashara binafsi wa huko huilipa takriban tarehe 15 za Aprili, Juni, Septemba na Januari, inaweza pia kulipwa kwa kadi, ingawa kampuni zinazopitisha malipo hayo hutoza ada ya asilimia, kwa hiyo apige hesabu kwanza. Akipata dola 2,000 kwa njia hizo, vikapu vyako vitahitaji kubeba dola 1,300 tu. Jambo asilopaswa kufanya ni kununua vitu asivyovihitaji. Kreti tano za vifungashio zitakazooza stoo si bonasi.

Kuhusu kurudishiana ziada, nitasema wazi. Akikulipa dola 3,000 kwa vikapu vya dola 1,500 kisha ukamrudishia dola 1,500, hakuna bidhaa iliyonunuliwa kwa nusu hiyo, na benki za Marekani huweka katika masharti yao haki ya kunyang'anya bonasi na kufunga akaunti kwa matumizi ya kubuni ya namna hiyo. Kwako wewe shida ni kubwa zaidi. Akaunti yako ya biashara itaonyesha mauzo ya dola 3,000, na siku ofisa wa kodi atakapolinganisha taarifa ya benki na ritani yako, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba nusu yake haikuwa mauzo. Utaithibitisha kwa karatasi gani?

Kadi ya pili nayo msiifikirie. Ni kweli kwamba matumizi ya kadi za wafanyakazi huhesabiwa katika kiwango cha bonasi, lakini wewe si mfanyakazi wake, ni muuzaji wake, na deni lolote utakalolifanya atadaiwa yeye. Isitoshe, akina mama wanaokusukia vikapu hawapokei kadi. Wanapokea fedha mkononi au kwa simu, na tumeshaona kuwa kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ni hasara tupu.

Kuna mambo ya muda ambayo huwaponza hata watu makini. Miezi mitatu huanza kuhesabiwa tangu akaunti ilipoidhinishwa, si siku kadi ilipofika kwa posta wala siku alipoiwasha, kwa hiyo aulize tarehe kamili ya mwisho na aiandike. Bidhaa akiirudisha dukani na kurejeshewa fedha, kiasi hicho huondolewa kwenye hesabu, kwa hiyo asiishie kwenye dola 6,000 kamili. Aache akiba ya dola 200 au 300 juu yake. Lililo kubwa zaidi ni riba. Tukichukua riba ya asilimia 20 kwa mwaka, deni la dola 6,000 lisilolipwa huzaa dola 100 hivi kila mwezi, na baada ya miezi saba na nusu bonasi yote imekwisha kuliwa. Kama hana hakika ya kulipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, mjadala huu uishie hapa.

Ajue pia kwamba, ingawa kadi ni ya biashara, atatoa dhamana binafsi, na benki itapekua historia yake binafsi ya mikopo. Mtu anayefanya biashara kwa jina lake anaruhusiwa kuomba kwa namba yake ya hifadhi ya jamii, au kwa namba ya mwajiri inayotolewa bure na mamlaka ya kodi ya huko, IRS. Mapato ayaandike yalivyo, hata kama ni madogo, kwa maana kudanganya katika maombi ya mkopo wa benki ni kosa la jinai. Kwa uzoefu wa waombaji wengi, Chase huwakataa waliofungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24, jambo ambalo benki hiyo hailitangazi katika matangazo yake. Na ile sheria ya mwaka 2009 inayowalinda Wamarekani wenye kadi binafsi dhidi ya kupandishiwa riba ghafla, kwa sehemu kubwa haizigusi kadi za biashara.

Kwenye kodi ya Marekani, bonasi inayopatikana kwa sababu mtu amenunua vitu kwa kawaida huchukuliwa kuwa punguzo la bei na wala si mapato, kwa hiyo mdogo wako aipunguze kwenye gharama za biashara badala ya kudai gharama zote za dola 6,000 huku mfukoni ana dola 750. Mpaka wa kanuni hiyo ulionekana mwaka 2021 katika kesi ya Anikeev kwenye Mahakama ya Kodi: zawadi zilizotokana na ununuzi wa kadi za zawadi hazikutozwa kodi, lakini zile zilizotokana na kununua hawala moja kwa moja zilitozwa, kwa kuwa hapo hakuna bidhaa ambayo bei yake imepunguzwa. Kwako wewe hakuna kinachobadilika. Ukiuza vikapu vya dola 1,100 na kampuni ya malipo ikakuingizia dola 1,061.50 baada ya makato, mauzo yako ni dola 1,100, na dola 38.50 ni gharama ya biashara. Risiti itolewe kwa dola zote 1,100. Nimeona vitabu vingi hapa Dodoma vilivyoandika kile tu kilichoingia benki, na marekebisho yake huchukua siku nzima.

Swali lako la mwisho nitalijibu kwa ufupi. Hapa kwetu soko la kadi za mkopo ni dogo, na sehemu kubwa ya biashara hupita kwenye fedha taslimu na simu, kwa hiyo ule mfuko wa makato ambao benki za Marekani huuchota kulipa bonasi hapa hauna kina. Benki chache hutoa kadi za mkopo, mara nyingi kwa wenye mshahara unaopitia kwao au walioweka amana ya dhamana. Mauzo yako yakipita kwenye akaunti moja kwa ukamilifu, na mikopo yako ikalipwa kwa wakati ili taarifa zako kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo zilizoidhinishwa na Benki Kuu, kama Creditinfo, ziwe safi, utajadili riba ya mkopo wa biashara ukiwa na nguvu, na nafuu ya riba inaweza kukufaa zaidi kuliko dola 750 za mara moja.

Mkiamua kuendelea, umtumie kwanza ankara ndogo, ya vikapu vya dola 50 hivi, ailipe kwa kadi, kisha msubiri siku mbili tatu hadi muamala uonekane kwenye taarifa yake. Ukiwa umeandikwa kama ununuzi, na ada ya nje ikawa ni ile asilimia 3, zilizobaki zinaweza kufuata. Ukiwa umeandikwa kama kukopa taslimu, mtakuwa mmepoteza dola chache tu, naye aendelee kukutumia dola 1,500 kwa benki kama siku zote.