Kioo cha mlango kimevunjwa: nidai bima au nitoe hela mfukoni?

SWALI: Habari kaka, mimi msomaji wako wa Mbezi Beach. Jumapili iliyopita nilikuwa na sendofu ya binamu yangu Sinza, gari nimepaki nje ya ukumbi palepale kwenye taa kabisa, natoka saa nne usiku nakuta kioo cha mlango wa nyuma kushoto hakipo, siti imejaa vipande na begi la laptop limeondoka. Gari ni IST, nina bima kubwa nimelipa mwezi wa 3. Nampigia wakala wangu ananiambia dada achana nayo, eksesi ni kubwa kuliko hicho kioo. Fundi wangu kasema kioo cha used Gerezani pamoja na kufunga ni 120,000. Sasa najiuliza hii bima kubwa ina kazi gani kama kioo kimoja tu inashindwa? Na laptop je, wanalipa? Nimekutumia picha za mkataba wote.
Mama wa Wawili, Mbezi Beach

JIBU: Pole sana dada yangu, na ahsante kwa kutuma mkataba mzima maana wengi wananitumia picha ya stika tu halafu wanataka niwaambie kama watalipwa, stika haisemi chochote kuhusu kioo.

Nimeusoma wote. Wakala wako hajakudanganya ila kaishia ukurasa wa kwanza. Pale juu gari yako imekatiwa kwa thamani ya 12,000,000 na eksesi imeandikwa 10% ya dai lakini isipungue 200,000. Eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata shilingi, kwa hiyo ukidai kioo cha 120,000 kama uharibifu wa kawaida wa gari, hasara yote inaishia kwenye hiyo 200,000 na wewe unabaki na karatasi mkononi. Hapo wakala yuko sahihi kabisa.

Lakini nenda kwenye ile sehemu ya nyongeza, chini kule ambako maandishi yamebanana, kuna mstari unasema kuvunjika kwa kioo cha mbele na vioo vya madirisha hadi 300,000 na kwenye eksesi wameandika hakuna. Huo mstari ndio wa kwako! Watu wanauita "kava ya windskrini" kwa hiyo kila mtu mpaka mawakala wameshaamini ni kioo cha mbele peke yake, wakati mikataba mingi maneno yake yanataja windskrini NA madirisha, na mikwaruzo inayotokea kwenye bodi kwa sababu ya hicho kioo kuvunjika nayo inaingia humohumo. Siyo yote lakini. Ipo mikataba inayotaja kioo cha mbele tu, mwenye huo kioo cha mlango kinarudi kwenye eksesi kama kawaida, ndiyo maana nawasumbua kila mwezi someni maneno yenyewe msisome jina la kava.

Kingine kizuri, ukurasa wa 4 wa mkataba wako unasema dai la kioo peke yake haliharibu punguzo la kutodai. Lile punguzo unalopewa mwakani ukimaliza mwaka bila dai watu hawalihesabu kama hela, na ni hela kweli. Piga hesabu na mimi: bima kubwa ya gari binafsi kwa kiwango cha 3.5%, gari ya 12,000,000 ni 420,000, ongeza VAT ya 18% ni 75,600, jumla 495,600. Tuseme mwakani ulikuwa upunguziwe 10% tu, hapo tayari ni karibu elfu hamsini. Mtu anayedai kioo cha 220,000 kwenye mkataba wenye eksesi ya 200,000 anapokea 20,000 halafu mwakani anapoteza elfu hamsini, huyo ni heri angelipa mwenyewe akanyamaza. Wewe hauko huko. Wewe DAI.

Sasa kuna sehemu inabidi uwe makini. Kava ya kioo ni ya kioo. Angalia vizuri huo mlango, je waliingiza bisibisi kwenye kitasa? Wameng'oa swichi ya pawa window? Mpira wa kioo umechanika? Kama ni kioo tu basi andika kioo tu. Kama kitasa nacho kimevunjwa, kitasa kinaingia kwenye uharibifu wa kawaida wenye eksesi na hapo punguzo lako linaguswa, kwa hiyo unaweza kuamua kioo ukidai na kitasa ukitengeneza mwenyewe, ni haki yako kuchagua kudai au kutodai kitu. Ila usiandike uongo kwenye fomu. Ukiandika kioo kimepigwa na jiwe wakati RB, ile taarifa ya polisi, inasema wizi, asesa (mkaguzi wa kampuni ya bima) akikuta mlango una alama za bisibisi ni dai zima linakataliwa, na jina lako linabaki kwenye mafaili yao.

RB umeshachukua? Kama bado nenda leo kituo kilicho karibu na pale tukio lilipotokea, eleza kilichovunjwa na kilichoibiwa, upewe namba. Kisha toa taarifa kampuni ya bima kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp kwa wakala uwe na tarehe, usiishie kupiga simu maana simu haina ushahidi. Mkataba wako unataka taarifa ndani ya siku 7 na toka Jumapili siku zinakwenda. Fomu ya madai watakupa, utaambatanisha kopi ya leseni ya aliyekuwa anaendesha, kopi ya kadi ya gari, namba ya RB, picha na profoma ya gereji, yaani makadirio ya bei. Profoma iandikwe vizuri, kioo bei yake, ufundi bei yake, gari namba yake. Mafundi wetu wengi wanaandika "kioo + fundi 120,000" nyuma ya risiti ya vocha, hiyo haipiti.

Na kubwa kuliko yote, USIFUNGE kioo kipya kabla hawajakujibu. Najua inauma, gari inalala wazi na mvua hizi, lakini ziba na nailoni nzito na selotepu pana, paki ndani. Mimi yalinikuta Mwenge miaka ya nyuma, kioo hichohicho cha nyuma, asubuhi yake nikafagia vipande vyote nikatupa, mchana nikafunga kipya kwa sababu nilikuwa na safari ya Morogoro na watoto, wiki iliyofuata napeleka risiti wananiambia hatukuona uharibifu tutalipaje. Nilikuwa na haki yote ila sikuwa na picha hata moja. Mpaka leo nikiona mtu anafagia vioo kando ya gari yake namsimamisha namwambia dada, kaka, piga picha kwanza, mlango mzima, siti, chini, na namba ya gari ionekane.

Kuhusu vile vipande, kuna kitu nataka ukijue kwa sababu ya wanao. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimeunganishwa na utando wa plastiki katikati, ndio maana kikipigwa kinachora utando wa buibui lakini kinabaki mahali pake, na doa dogo fundi anaweza kulijaza dawa likatulia. Cha mlangoni ni kioo kimoja kilichochomwa moto mkali kikapozwa ghafla kwa upepo ili kiwe kigumu, kikishindwa kinapasuka chote kwa mkupuo, punje ndogondogo kama chumvi ya mawe. Hakizibwi, hakigundishwi, ni kubadilisha tu, kwa hiyo fundi akikwambia "kuna dawa" kwa kioo cha mlango mkimbie. Zile punje hazikati kama kisu lakini zinaingia kila mahali: kwenye reli za siti, kwenye tundu la mkanda, chini ya kapeti, na nyingi zinadondoka ndani ya mlango wenyewe. Mwambie fundi afungue gamba la mlango asafishe ndani kabisa, asipofanya hivyo utasikia mlango unalia kama kayamba kila ukiufunga, na vile vitundu vya chini vya kutolea maji vikiziba maji yanakaa na kutu inaanzia humo. Mimi miezi miwili baadaye mtoto wangu wa mwisho alinyanyua kiganja kina damu, kapitisha mkono tu pembeni ya siti. Lipia hata elfu kumi ya vakyumu, usione shida.

Laptop sasa. Bima ya gari inalinda gari na vilivyofungwa kwenye gari, begi, simu, laptop havimo isipokuwa mkataba utamke hivyo, na wako hautamki. Kama laptop ni ya ofisi ulizia ofisini, kampuni nyingi vifaa vyao vina bima ya peke yake, na hiyo RB itafaa huko pia, kwa hiyo hakikisha laptop imeandikwa humo na namba yake kama unayo.

Wakala akiendelea kusema achana nayo, nenda moja kwa moja idara ya madai ya kampuni na huo ukurasa wa nyongeza. Wakikataa waombe sababu kwa maandishi. Ukiwa na hayo maandishi unaweza kwenda TIRA, ndio wasimamizi wa bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni kesi za watu kama sisi tusio na hela ya wakili. Kwa kioo kimoja sidhani mtafika huko.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nina bima ndogo tu, ile ya 118,000. Juzi kwenye foleni ya Ubungo bodaboda kapita kati, usukani wake umegonga kioo cha mlango wangu wa dereva kikamwagika chote mapajani mwangu. Jamaa kasema atanilipa kanipa namba ya simu, sasa hivi hapokei. Bima yangu inanisaidia?
Kijana wa Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, nashukuru macho yako yako salama maana hicho kioo kipo karibu na uso.

Bima yako haitakulipa kioo chako. Bima ndogo ni kwa ajili ya yule utakayemuumiza au kumharibia wewe, mali yako mwenyewe haimo. Lakini geuza upande wa pili: kwa bodaboda yule wewe ndiye uliyeharibiwa, kwa hiyo bima ya KWAKE ndiyo inayokuhusu. Namba ya pikipiki ulichukua? Kama unayo, ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS mtandaoni uweke namba ya usajili, utaona kama siku ile ilikuwa na bima hai na ya kampuni gani. Watu hawajui kwamba hiki kitu kipo wazi kwa kila mtu.

Ikiwa inayo, unahitaji trafiki. Hapa ndipo ulipokosea mdogo wangu, mliachana bila askari, na dai la ajali barabarani bila karatasi za polisi, PF90 na mchoro wa ajali, kampuni ya mwenzio haitakusikiliza kabisa, na kwa haki maana wao hawakuwepo. Nenda kituo cha eneo lile karipoti hata kama umechelewa, chukua na shahidi wako kama kondakta au yeyote aliyeona. Na ukishampata jamaa usikubali "nitakutumia kidogokidogo" ya mdomo, muandikishane kiasi na tarehe, asaini, na shahidi asaini.

Ikiwa hana bima kabisa, au namba hukuchukua, na jamaa mwenyewe hujampata akakulipa, kioo utalipa mwenyewe. Nasema hivi ili usipoteze nauli kwenda na kurudi kwa kampuni yako, hawana cha kukupa kwa hili.

SWALI: Kioo cha mlango wangu wa abiria kimedumbukia chenyewe ndani ya mlango, hakijavunjika ila hakipandi. Nina bima kubwa yenye kava ya vioo. Naruhusiwa kudai?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kava ya vioo inataka kioo kiwe kimevunjika kwa tukio la ghafla. Hiyo ni mashine ya kioo imechoka, na uchakavu hakuna bima ya gari inayoulipa, ni sawa na breki pedi. Fungua gamba la mlango kwa fundi wa umeme wa magari siyo fundi bodi, na akuoneshe kilichokufa kabla hujanunua mashine nzima, mara nyingi ni waya wa kuvutia umekatika au kishikio cha plastiki kimeachia. Ila usiendeshe hivyohivyo kwa muda mrefu, kioo kilicholegea humo ndani kikigongwa na nondo za mlango wakati unapita kwenye mashimo kinapasuka.