Kabla ya kununua sola, panda kwanza darini

Msomaji mmoja wa Tabata ameniletea ujumbe. Nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi ya chakoleti, watu sita, AC moja chumbani kwa wazazi, na umeme wa LUKU usiofika mwisho wa mwezi. Ameshapewa makadirio ya sola ya kilowati tatu pamoja na betri ya lithiamu, anataka kujua kama bei ni halali. Bei sikuigusa. Nilimuuliza mambo mawili: saa nane mchana darini kunakuwaje, na usiku mkiwa mmelala mita inakula kiasi gani? Hajui, na aliyempa makadirio hakumuuliza.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mtu anauziwa mtambo wa kulisha nyumba inayopoteza umeme, na nyumba ikipoteza zaidi, mtambo unakuwa mkubwa zaidi na muuzaji anafurahi zaidi. Nyumba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ikitengenezwa vizuri, mtambo inaouhitaji hupungua sana, na mara nyingine hakuna haja ya mtambo wowote.

Anza na mita, maana haikugharimu kitu. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake kumeandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000, nyingine 1600. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa namba iliyoandikwa: jibu ni kilowati zinazotumika wakati huo. Mita ya 1000 ikipepesa mara 12 kwa dakika, nyumba inavuta wati 720. Ukitoka hapo zima kila kitu, chomoa hata chaja, halafu subiri dakika tano. Ikipepesa hata mara moja, kuna kama wati 12 zinapotea, na kwa mwezi hizo ni uniti nane na ushee. Kwenye baadhi ya mita taa huganda ikiwa imewaka pale hakuna kinachotumika. Usishtuke, huo si mpepeso.

Ukiona bado inapepesa, nenda kwenye boksi la breka, zima zote, washa moja moja huku mwenzako akiangalia mita. Mkosaji wa kawaida ni waya uliofukiwa ardhini kwenda banda la uani au kwenye pampu ya kisima, ambao umekwanguliwa na jembe na sasa unavuja kila udongo ukilowa. Huo si wa kufunga utepe. Unabadilishwa, unapitishwa ndani ya bomba la PVC, na ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Kwa walio kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa TANESCO, jambo hili ni zito zaidi. Uniti 75 za mwezi hulipiwa shilingi 100 kila moja, na inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la kawaida la T1 ni shilingi 292, ukiweka kodi na tozo inafika kama 356. Uniti nane za uvujaji ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya posho yako ya bei nafuu.

Halafu bafuni. Shawa ya umeme, ile ya kufunga moja kwa moja kwenye bomba, ina wati kama 5,500. Dakika kumi ni uniti 0.9. Watu wanne kila siku ni uniti 110 kwa mwezi, karibu shilingi elfu 39 kwa bei ya T1. Mtu wa Njombe au Arusha namwelewa, na huyo nitamwambia anunue hita ya maji ya jua ya paani. Mtu wa Mbagala, ambaye maji ya tanki lake jioni yanatoka yakiwa ya uvuguvugu yenyewe, anachemsha nini? Izime kwenye breka yake mwezi mmoja, uone.

Sasa twende juu.

Dar es Salaam iko nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, kwenye wiki ya pili ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Katika msimu wote wa joto ukuta haupokei sana. Paa ndilo linalopigwa. Bati la rangi nzito mchana wa Februari linafika nyuzi joto 65 hadi 70, na joto hilo halishuki kwa hewa ya moto pekee, maana hewa ya moto hupanda. Sehemu kubwa inashuka kama mnururisho: bati linaimulika silingi jinsi moto wa jiko unavyokumulika uso ukiwa umesimama mbali. Silingi inapata moto, nayo inawamulika waliolala chini yake mpaka saa sita za usiku. Ndiyo maana feni inazunguka na bado unatoka jasho.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe. Nyeupe kweli, isiwe krimu wala kijivu cha fedha. Bati jipya linalong'aa watu hudhani linatosha. Linarudisha mwanga vizuri, lakini joto kidogo linalolipata halilitoi kwa urahisi, kwa hiyo nalo linachoma. Rangi nyeupe ya akriliki ya paa ikiwa mpya inarudisha kama asilimia 80 ya jua, na bati lake saa nane linaweza kuwa chini kwa zaidi ya nyuzi 20 kuliko la chakoleti. Ikishachafuka kwa vumbi inapungua, hivyo osha kila mwaka kabla ya kiangazi.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Osha kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, suuza mpaka povu liishe. Penye kutu piga brashi ya waya na msasa, kisha praima ya kuzuia kutu. Misumari iliyolegea ing'oe, weka skrubu zenye raba, kwa sababu rangi haizibi tundu la msumari. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye bati la zinki: mafuta yake yanagombana na zinki na baada ya misimu michache inabanduka kama gamba. Tumia akriliki ya maji, mikono miwili. Lita moja inaenda mita za mraba kama sita kwa mkono mmoja, na migongo ya bati inaongeza sehemu moja ya kumi ya eneo. Paa la mita 120 linataka lita 44, yaani ndoo mbili za lita 20 na galoni moja. Paka kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na bati halijachemka. Ukipaka mchana maji yanaruka kabla rangi haijashika, inabaki unga. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Fundi akanyage kwenye mistari ya misumari, penye papi chini yake, vinginevyo bati la geji 30 linabonyea na maji yatatuama hapo. Nyumba ya zamani yenye paa la asbesto usiipige brashi wala msasa kabisa. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Unayevuna maji, tenga gata kwanza, mvua mbili tatu za mwanzo ziende chini. Na chagua rangi isiyo na risasi.

Asiyetaka kupaka, au anayetaka kuongeza, kuna karatasi ya foili. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu zaidi. Foili inafanya kazi pale tu uso unaong'aa unapotazamana na hewa, angalau sentimita mbili na nusu. Ukiibana kati ya bati na mbao bila nafasi inageuka kuwa chuma kingine tu, inapitisha joto. Ukiitandaza juu ya silingi, vumbi la mwaka mmoja linaufunika uso wake na umetupa hela. Ipigilie chini ya kenchi, uso unaong'aa ukitazama chini, vipande vipandane kwa sentimita 10, na acha uwazi juu karibu na kofia ya paa na chini karibu na fishabodi, ule ubao wa ukingoni, ili hewa ipite. Kabla ya yote zima swichi kuu na ukague nyaya. Foili inapitisha umeme. Waya uliochubuliwa na panya ukiigusa, dari zima linakuwa na umeme, na msumari wa stepla uliotoboa waya unafanya vilevile. Nyaya zote za darini ziingie kwenye mabomba kwanza.

Halafu hewa. Dari lililofungwa pande zote ni tanuri. Kipimo kinachokubalika ni uwazi wa sehemu 1 kwa 150 ya eneo la silingi; kwa mita 120 ni mita za mraba 0.8, nusu chini ya ukingo wa paa na nusu juu. Weka wavu wa matundu ya milimita 6, maana ya milimita 12 popo mdogo anapita. Wavu unakula uwazi, kwa hiyo tundu lenyewe likate kubwa zaidi.

Madirisha sitakaa sana, ila nina neno. Tumeng'oa madirisha ya vioo vya kulaza yaliyokuwa yakifunguka yote, tukaweka ya aluminiamu ya kusukuma ambayo hata ukiyafungua mwisho ni nusu tu, tukaita maendeleo. Kama unayo hayo ya aluminiamu, usiyang'oe tena, yafungue yanayotazamana. Kaskazi inaingia kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi inatoka kusini kuanzia Aprili. Dirisha la kuingilia upepo bila la kutokea halisaidii, hata mlango wa ndani ukifungwa umekata njia. Nyavu za mbu zioshwe, zilizojaa vumbi zinazuia upepo kuliko unavyodhani. Na pevingi zilizotandazwa ua mzima hadi ukutani zinahifadhi joto la mchana na kulirudisha dirishani usiku. Ng'oa mita moja na nusu upande wa magharibi, panda mpesheni kwenye waya ulioachwa sentimita 30 kutoka ukutani. Jua la saa tisa halitaugusa ukuta. Mti mkubwa kama mwarobaini uwe mbali na msingi na karo.

Nyumba ikishapoa ndipo vifaa vinazungumzika. Pangaboi la kawaida linakula wati 75, la mota isiyo na brashi (BLDC) ni kama 32. Matatu yakizunguka saa kumi kwa siku, tofauti ni karibu uniti 39 kwa mwezi. Kabla ya kulitupa lililopunguza kasi, badilisha kapasita. Mara nyingi shida ni hiyo. AC isiwekwe chini ya nyuzi 25, kichujio kioshwe kila wiki mbili hadi nne. Fundi akikuambia “gesi imeisha, inabidi kujaza kila mwaka,” mwambie atafute panapovuja. Gesi ya AC haichakai wala hailiki. Kilo moja ya R410A ikitoroka angani inaongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kujaza bila kuziba ni kuchoma fedha na mazingira kwa pamoja.

Friji lisogee sentimita 10 kutoka ukutani. Bana noti kwenye raba ya mlango, vuta. Ikitoka bila kukaza, raba imechoka, nayo huuzwa peke yake. Barafu ikizidi nusu sentimita yeyusha.

Jikoni, ukiwa bado kwenye mkaa, jiko la presha la umeme linaivisha maharage yaliyolowekwa usiku bila kumaliza uniti moja. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, kwa kuwa yanafura na maganda yanaziba tundu la mvuke. Lichomeke moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni ya bei poa inayoyeyuka.

Ukifika hapo hesabu upya kwa mita, usiku na mchana, wiki nzima. Kilowati moja ya paneli pwani inatoa uniti kama nne kwa siku nzuri, mawingu ya masika yanapunguza. Ukikuta nyumba sasa inatumia uniti tano kwa siku, ule mtambo wa kilowati tatu ulikuwa wa nyumba ya mtu mwingine. Paneli zitazame kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iteleze na vumbi. Na rangi ipakwe, skrubu zibadilishwe na kenchi zenye mchwa zibadilishwe kabla paneli hazijapanda, kwa sababu ukishazifunga, bati lililo chini yake hutalifikia bila kulipa fundi wa kuzishusha na kuzirudisha.