Mtoto ameanza kutambaa: tuanze na sakafu

Dada yangu, umeuliza kama mwanao wa miezi 8 aliyeanza kutambaa awekwe kwenye kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, abebwe kutwa nzima, au aachwe chini huku ukimkataza kila anachogusa. Kwa uzoefu wangu wa kulea, aachwe chini, lakini sakafu iandaliwe kabla yake, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kushika katazo, na jicho la mlezi, hata liwe kali namna gani, huchoka.

Kigari ningekiacha kabisa. Humpa mtoto kasi ambayo mlezi haiwahi, humfikisha kwenye ngazi na jikoni, wala hakimharakishi kutembea. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Kuandaa sakafu huanza kwa kupiga magoti na kutambaa mwenyewe chumba kizima. Nilipofanya hivyo sebuleni kwetu, nilikuta chini ya kochi sindano ya kushonea, kifuniko cha kalamu, na rimoti ya zamani ambayo mfuniko wake wa betri ulikuwa umelegea. Mtu aliyesimama asingeona hata kimoja. Kipimo changu ni lile bomba la karatasi linalobaki katikati karatasi ya choo inapokwisha: chochote kinachopenya humo kinaweza kumkaba mtoto. Ninachokihofia kuliko vyote ni betri ndogo bapa za mviringo, kwani ikinasa kwenye umio huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2, hata kama imeshaishiwa nguvu ya kuendesha kifaa. Ukishuku tu kwamba ameimeza, mpeleke hospitali papo hapo. Usimtapishe na usingoje dalili.

Jambo la pili ni maji, ambalo wengi huliwazia mtoni au kwenye bwawa pekee. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo anapojiinua kwa kushika ukingo wa ndoo na kuchungulia, huelemewa mbele, miguu ikaachana na sakafu, naye hana nguvu ya kujirudisha. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha, na mara nyingi hazami kwa kelele. Kwa hiyo ndoo na beseni vimwagwe na kufudikizwa mara baada ya kazi, na mlango wa bafu ufungwe daima. Simu ikiita wakati unamwogesha, ama uiache iite, ama utoke naye.

Chai iliyokaa robo saa bado inaweza kumbabua, kwa hiyo usinywe ukiwa umempakata, na ondoa kitambaa cha meza kinachoning'inia pamoja na waya wa pasi au wa birika. Mafuta ya taa na dawa za usafi zisitiwe kamwe kwenye chupa za vinywaji. Kabati la droo lifungwe ukutani, maana akishajua kusimama atazitumia droo kama vidato.

Nje, tangulia wewe kupakagua mahali hapo kwa macho na mikono: vigae vya chupa, miiba, vinyesi vya wanyama, vyuma vilivyopigwa na jua. Mkalishe kivulini. Penye gari, sharti langu halina msamaha: injini haiwashwi mpaka mtu mzima aseme kwa sauti kwamba mtoto yuko mikononi mwake, kwa sababu dereva anayerudi nyuma hamwoni kiumbe aliye chini kiasi hicho.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja katikati ya mabega hadi mara 5. Kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua hadi mara 5, uendelee kwa zamu huku mwingine akiita msaada. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka 1 halibonyezwi, na kidole hakiingizwi kooni kutafuta kitu usichokiona, kwani hukisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, anza mara moja kumhuisha kwa kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.