Jumamosi ya Familia ya Kimisionari Mjini Mombasa

Familia inayotumwa kuhudumu Mombasa hupewa maelekezo mengi kuhusu nyumba, vibali na shule za watoto, lakini ni nadra kuelezwa lolote kuhusu siku mbili za mwisho wa juma, ilhali kwa maoni yangu hizo ndizo siku zinazoamua kama familia hiyo itadumu katika huduma au itaomba kurudi nyumbani kabla ya muda wake. Mimi na mume wangu, ambaye ni mchungaji, tulitumwa hapa na kanisa letu kutoka upande wa Kilimanjaro pamoja na watoto wetu, na kuna jambo moja ambalo ningependa familia zinazotufuata zilijue mapema: Jumapili hujilinda yenyewe, kwa kuwa kanisa zima linaijua na kuiheshimu, lakini Jumamosi isipolindwa na wazazi, hakuna mtu mwingine atakayeilinda.

Sababu zake zinaeleweka, wala simlaumu mtu. Harusi nyingi za Wakristo hapa Kenya hufungwa Jumamosi, na mazishi mengi huangukia siku hiyo hiyo. Iwapo marehemu anasafirishwa kwenda kuzikwa bara, ibada ya kumuaga hufanyika Alhamisi au Ijumaa, kisha msafara huondoka usiku, na mchungaji hutarajiwa kuwa ndani ya basi pamoja na wafiwa. Kwaya hufanya mazoezi Jumamosi alasiri, na kamati zote zisizopata nafasi katikati ya juma husogezwa huko. Tena washarika wengi wa mjini ni watu wa bandari na wa hoteli, ambao kazi zao huendeshwa kwa zamu. Kwa mfanyakazi wa hoteli ya Nyali au Bamburi, mwisho wa juma ndio wakati wa wageni wengi, hivyo siku yake ya mapumziko inaweza kuwa Jumanne, naye kwa haki kabisa atapenda mchungaji amtembelee Jumanne hiyo. Kwa jinsi hiyo mchungaji hufanya kazi katikati ya juma kwa ajili ya wenye zamu, na mwisho wa juma kwa ajili ya wasio na zamu.

Wachungaji wengi hupumzika Jumatatu, na kwa asiye na watoto wadogo huo ni mpango mzuri. Kilichotukwaza sisi ni kwamba Jumatatu watoto wako shuleni mpaka alasiri, na wakirudi wanakaa na kazi za ziada, hivyo baba anayepumzika Jumatatu anapumzika peke yake.

Kwa hiyo, katika majuma ya kwanza kabisa, kabla kalenda ya harusi haijajaa, tuliketi na wazee wa kanisa tukaomba kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi iwe ya kanisa, na harusi, semina na vikao vipangwe humo kadiri inavyowezekana, na Jumamosi zinazobaki ziwe za familia isipokuwa panapotokea msiba. Mzee mmoja aliuliza kwa upole, “Mchungaji, na hizo nyingine tukikuhitaji?” Mume wangu alimjibu, “Mzee wangu, mkinihitaji kwa msiba nitakuja hata usiku wa manane, ila kwa kikao cha hesabu tutasubiriana.” Wazee walicheka, wakakubali, na mwinjilisti akakabidhiwa mambo madogo ya siku hiyo. Ushauri wangu kwa familia mpya ni kwamba ombi hili litolewe na mume na mke wakiwa pamoja, na litolewe mapema, kwa sababu likija baada ya mwaka mzima wa kukubali kila kitu litaonekana kuwa ni manung'uniko.

Ukishaipata Jumamosi, usiijaze mambo makubwa. Mombasa ina starehe nyingi zisizohitaji fedha nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni bahari, ambayo mtu wa mlimani hana budi kujifunza tabia zake kabla ya kuwapeleka watoto. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50, hivyo saa iliyokufaa Jumamosi iliyopita haitakufaa Jumamosi hii. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa huzidi mita 3, na siku hizo maji huwa yamekupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Majuma ya maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, huwa kinyume: katikati ya asubuhi maji yamejaa kwa kiasi, na tofauti yake ni ndogo. Sisi tunaangalia mwezi Ijumaa usiku, kisha tunaamua. Ikiwa ni maji mafu, tunakwenda kuogelea. Ikiwa ni bamvua, tunakwenda kutembea juu ya miamba na kutazama samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi, kila mtoto akiwa na viatu vya plastiki miguuni kwa sababu ya viumbe wenye miiba, na tunageuka kurudi ufukweni mara tu maji yanapoanza kupanda, bila kungoja yafike magotini.

Ufuo wa wazi wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, ambao wenyeji wote huuita Pirates, ndio unaofaa zaidi kwa familia isiyotaka kulipa hoteli. Fikeni saa moja asubuhi na muondoke saa nne, kabla jua halijawa kali na kabla umati haujajaa. Kama mnakodi boya au mtoto anataka kupanda ngamia, pataneni bei kwanza, tena kwa Kiswahili. Katika miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, bahari huchafuka, na wazazi wenye watoto wasiojua kuogelea watafanya vyema kuchagua mahali pengine. Kuhusu mavazi, mwanamke wa familia ya mchungaji hatapungukiwa kitu akivaa dera au akijifunga leso juu ya nguo za kuogelea mpaka afike majini, kwa kuwa sehemu kubwa ya majirani zetu ni Waislamu, na wanaokutana nawe ufukweni Jumamosi ndio watakaokuuzia mboga Jumatatu.

Jioni twendeni Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari, chini ya mibuyu ile mikubwa, tukanunue mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, tunywe madafu, na kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Hakuna kiingilio wala ratiba, na ni hapo ambapo mume wangu na kijana wetu mkubwa huzungumza mambo ambayo hawayazungumzi nyumbani. Bustani ya Haller nayo ni nzuri: ilikuwa chimbo la kiwanda cha saruji cha Bamburi kabla ya Rene Haller kuanza kupanda mivinje humo mwaka 1971, na leo watoto huwalisha twiga kwa mikono. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, inatosha kuonwa mara moja kwa mwaka, labda mpate mgeni. Kote kuwili chukueni vitambulisho, kwa maana kiingilio cha raia, cha mkaazi na cha mgeni havilingani.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Familia ya Kikristo haikatazwi kula, lakini kufungua vyombo vya chakula mchana katika Mji wa Kale ni kukosa adabu, na watoto wanaweza kuelewa hilo vizuri kabisa wakielezwa. Sisi huhamisha matembezi yetu mpaka baada ya magharibi, wakati vichochoro vinapojaa wauzaji wa viazi karai, kachri na mishkaki, na kusema kweli hizo ndizo Jumamosi ambazo watoto wetu huzipenda kuliko zote.

Nje ya Ramadhani, saa moja usiku Jumamosi tunakuwa nyumbani, nguo za kesho zimepigwa pasi, na mume wangu hagusi tena mahubiri, kwa sababu tulikubaliana kwamba yamalizike Ijumaa. Sheria hiyo ndiyo ngumu kuliko zote nilizozitaja, naye angekuambia hivyo mwenyewe, lakini bila hiyo mwili wa baba huwa ufukweni huku akili yake ikitafuta mfano wa kufungia hubiri.

Jumapili ni siku ndefu. Makanisa mengi ya mjini huanza na ibada ya Kiingereza asubuhi na mapema, kisha ya Kiswahili, na mchungaji huhudumu zote mbili. Sioni haja ya watoto kukaa zote mbili. Wetu huja kwenye ya Kiswahili na kwenda moja kwa moja Shule ya Jumapili pamoja na wa rika lao, badala ya kuketishwa kiti cha mbele ambapo macho yote huwapima. Mama mmoja wa kanisa alinishauri kwa nia njema kwamba watoto wa mchungaji wawe mfano kwa wengine. Nilimshukuru, nikamwambia, “Mama, waache kwanza wawe watoto, mfano utakuja,” naye tangu siku hiyo amekuwa nyanya yao hapa mjini, na ndiye huwaangalia tunapoitwa hospitalini.

Baada ya ibada mtakaribishwa chakula, tena pengine na nyumba zaidi ya moja. Kubalini mwaliko mmoja na mpange mwingine kwa juma linalofuata, kwa maana mwenyeji aliyepika wali wa nazi na samaki kwa ajili yenu ataumia akiona mnadonoadonoa kwa sababu mmetoka kula pengine. Mkiwa na mwaliko ng'ambo ya Likoni, wanaovuka kwa miguu hawalipi nauli ya feri, lakini foleni ya magari Jumapili jioni inaweza kuwachosha watoto kuliko ibada zote mbili. Mwenye gari siku hizi anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu.

Kila familia ya kimisionari inayofika hapa itenge pia Jumamosi moja kwa ajili ya Rabai, njia ya Mazeras, ambako nyumba za Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani wa karne ya 19, bado zipo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa Nyali, walioondolewa na homa. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na ni katika safari iliyoanzia Rabai ambapo aliuona mlima wetu, Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Watoto wetu, waliozaliwa chini ya mlima huo, waliuliza maswali mengi siku hiyo. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya, akarejea kwao mwaka 1875 akiwa karibu kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Ninamheshimu sana, lakini wapo wanaousimulia uvumilivu wake kana kwamba ndio kipimo cha kila familia inayotumwa, na hapo sikubaliani nao. Tunayo vyandarua, dawa, simu na kalenda, na anayekataa kuvitumia haongezi utakatifu wake kwa kiasi chochote.

Linabaki suala la wale waliotutuma. Watu wa usharika wa milimani wakiona picha ya familia ya mchungaji wao imesimama ufukweni, wapo watakaouliza kama sadaka yao inalipia likizo. Wengine huamua kuficha picha hizo na kutuma za ibada peke yake, nami nadhani huko ni kujitafutia matatizo, kwa sababu siku mgeni kutoka nyumbani atakapozikuta ataamini kwamba kulikuwa na jambo la kufichwa. Katika barua yetu ya kila robo mwaka tunaandika aya moja kuhusu Jumamosi zetu, tukitaja tulikokwenda na gharama yake kwa shilingi, pamoja na nauli ya matatu. Mweka hazina wa usharika alitupigia simu baada ya barua ya kwanza, si kulalamika, bali kuuliza kama vijana wa kipaimara wanaweza kuletwa Rabai wakati wa likizo ya Desemba, na sasa tunawatafutia mahali pa kulala.